Baharia amefika bandarini, mbona hashuki?

Msikilizaji, usidhani kila baharia anayefika ng'ambo hutembea mjini. Wapo wanaopakua shehena na kung'oa nanga bila kukanyaga nchi kavu.

Chukua Muungano wa Kisovieti wa zamani. Vladivostok, bandari ya jeshi la majini upande wa mashariki, ilifungwa kwa wageni hadi mwaka 1992. Meli za kigeni zilitumia bandari jirani ya Nakhodka. Hata kwenye bandari zilizokuwa wazi, kumbukumbu za mabaharia wa meli za mizigo zinafanana: askari wa mpakani amesimama chini ya ngazi ya meli, unaacha kitambulisho, unapewa pasi yenye saa ya kurudi. Wengi waliishia Interklabu, klabu ya mabaharia wageni, kwenye vinywaji, filamu na vitabu vya siasa.

Serikali zilihofia nini? Ujasusi, magendo, na baharia kutoroka akabaki nchini.

Hofu hiyo haikuisha. Zamani Marekani ilitoa viza moja kwa orodha ya mabaharia wote wa meli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, usalama ulikazwa, na mwaka 2004 utaratibu huo ukafutwa. Sasa kila baharia huhitaji viza yake. Shida ni kwamba meli inaweza kubadilishiwa safari ikiwa katikati ya bahari, na huko hakuna ubalozi. Asiye na viza hubaki melini, hata akiwa ametoka kukaa baharini wiki kadhaa.

Sheria inasemaje? Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unataka baharia apewe nafasi ya kushuka kwa ajili ya afya na ustawi wake. Tangu 2018, kanuni za kimataifa za bandari zinakataza kumnyima nafasi hiyo kwa sababu ya uraia, rangi au dini. Hata hivyo, ofisa uhamiaji wa nchi husika bado anaweza kumzuia kwa sababu za usalama au afya.

Kama una kijana anayetafuta kazi ya meli, mwambie aulize mapema: meli inakwenda bandari zipi, na viza zitashughulikiwa na nani? Ajue pia kwamba, kwa mkataba huohuo wa 2006, gharama ya viza ni ya mwenye meli. Wakala akimdai fedha hizo, asilipe.