Mwisho wa Reli kwa Nauli Ndogo: Kweli au Uongo?

Mwenye begi mgongoni na pesa za kuhesabu akiitaja Kigoma, hakosi wa kumtisha, wala hakosi wa kumsifia mpaka ampoteze. Haya ndiyo yanayosemwa sana, na hukumu yangu kwa kila moja.

"Kigoma hufiki bila ndege."
Uongo, tena uongo wa watu wenye haraka. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ndiyo maana mji ukaitwa mwisho wa reli. Ukikaa daraja la tatu, nauli haiumizi, na chakula unanunua dirishani stesheni baada ya stesheni. Gharama yake ni muda: treni hulala njiani, na mvua kubwa zimewahi kuikata reli pande za Kilosa. Asiyeweza kusubiri apande basi linalopita Tabora.

"Mwembe wa Ujiji ndio ule ule wa Livingstone na Stanley."
Uongo. Mmisionari Livingstone na mwandishi Stanley walikutana mwaka 1871, na mwembe wenyewe ulishakufa. Miembe iliyopo makumbusho inaelezwa kuwa ni ya vipandikizi vyake. Hata ile salamu maarufu ya Stanley, "Dk. Livingstone, nadhani?", ina walakini, kwani kurasa za shajara ya Stanley za siku hiyo zilichanwa. Nenda hata hivyo. Daladala kutoka Kigoma mjini ni mwendo mfupi. Ukishazitazama sanamu za wazungu hao wawili, ingia mitaani. Ujiji ulikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa iliyounganisha Ziwa Tanganyika na Tabora hadi Bagamoyo, na wapelelezi Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko limeshachangamka.

"Dagaa wa Kigoma ni bei rahisi siku zote."
Nusu kweli. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukikaribia kujaa wavuvi wengi hupumzika, mitumbwi hutulia ufukweni, na sokoni bei hupanda. Tena mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa hiyo msafiri wa pesa kidogo aangalie kwanza kalenda ya mwezi, ndipo apange siku ya safari. Usiku wa giza ukipita, fika ufukwe wa Kibirizi asubuhi uone dagaa wanavyoanikwa, kisha mtafute mama ntilie wa Mwanga akupe ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Kama mawese huyawezi, sema mapema. Mimi ningenyamaza nikala.

"Huko usiku ni kulala tu."
Uongo wa zamani. Mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kongo mwezi Aprili 1965 kuwasaidia waasi. Baadaye akalalamika kwamba viongozi wa wapiganaji hao wakija Kigoma wananogewa na starehe na kuchelewa kurudi vitani.

"Gombe ni ya wazungu wenye dola."
Nusu kweli. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kufika kuchunguza sokwe. Haina barabara, unafika kwa maji tu. Kinachotafuna pesa ni boti ya kukodi. Boti za abiria za Kibirizi hupita mwambao ule ule zikishusha watu na mizigo kijiji kwa kijiji, taratibu lakini kwa nauli ya wanakijiji. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Dai jaketi la kuokoa maisha kabla hujakaa.

"Maji meupe vile hayana ugonjwa."
Uongo. Kichocho kipo, hasa karibu na makazi ya watu na kwenye majani, na mamba nao wapo. Ukioga ziwani, nenda kapimwe baadaye.

"Ukiishiwa, panda Liemba mpaka Zambia."
Nusu kweli. Meli hiyo ya Wajerumani ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Miaka ya karibuni ilisimama kwa ajili ya matengenezo. Usiipangie safari kwa maneno ya mtaani: nenda bandarini ukaulize mwenyewe, na uwe na nauli ya basi mfukoni.