Pango la nyumba ya marhumu ni la nani?

Katika mji wa Tarime, nyumba ya vyumba vya kupangisha ni urithi wa kawaida. Barabara ya kwenda Sirari, mpakani na Kenya, na ile ya machimbo ya dhahabu ya Nyamongo huleta wafanyabiashara, watumishi na vibarua wanaohitaji pa kulala, na mzee aliyejaaliwa kiwanja hujenga. Matatizo huanza siku mzee huyo anaporejea kwa Mola wake. Mwana mkubwa huendelea kukusanya pango kama alivyokuwa akitumwa na babaye, mama hupewa ya sukari, na mabinti walioolewa huambiwa kuwa nyumba bado haijagawanywa.

Kutogawanywa kwa nyumba hakulifanyi pango kuwa mali ya anayelikusanya. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, nyumba ni ya warithi wote, na pango hufuata mafungu yao. Desturi ya Wakurya hupitisha ardhi kwa wana wa kiume. Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imewatajia binti na mjane haki yao, wala haikutenga nyumba za kupangisha.

Tuchukue mfano. Marhumu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walimtangulia. Nyumba ina vyumba sita, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,880,000, lakini chumba kimoja kilikaa kitupu miezi miwili, hivyo zimeingia 2,800,000. Kuziba bati, kubadili vitasa na kunyonya choo kumechukua 302,000, na kodi ya jengo 18,000. Warithi wamekubaliana kuweka akiba asilimia 10 ya makusanyo, yaani 280,000. Zimebaki 2,200,000. Mjane ana thumuni, 275,000. Kila binti 275,000. Kila mwana 550,000. Kodi ya mapato, ambayo hatukuihesabu hapa, nayo hutolewa kabla ya mgao.

Hiyo 18,000 ina jambo lake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipandishwa kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni mpangaji, ilhali mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Basi mpangaji arudishiwe, au apunguziwe katika pango lake. Wapo wanaoswali safu ya mbele na hawajapata kulifikiria hili.

Akiba nayo haina budi iwe kwa ridhaa. Wenye nyumba wengi hupokea pango la miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Fedha ya Juni ikaliwa Januari, na mvua za masika zikiezua bati, warithi huombwa mchango. Warithi wakubwa wanaweza kukubaliana kuweka, na wanaweza pia kumsamehe ndugu yao alichotumia. Fungu la yatima halisamehewi na yeyote, si mama wala ami. Mwangalizi wake hutoa humo matengenezo ya lazima tu, kwa maandishi, na kinachobaki humwekea.

Na mwana mkubwa anayehangaika na wapangaji? Akitaka ujira, auseme mbele ya wenzake wakubaliane kiasi, asijikatie. Kama anaishi katika vyumba viwili vya nyumba hiyo, pango la vyumba hivyo lihesabiwe katika fungu lake, isipokuwa wenzake wamemridhia. Akiwa ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, atatakiwa kupeleka hesabu huko, hivyo stakabadhi ya fundi na ya mnyonya choo asizitupe.

Kuhusu zaka, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jiddah mwaka 1985 liliamua kuwa nyumba yenyewe ya kupangisha haina zaka. Zaka ni robo ya kumi ya pato lake baada ya kupitiwa na mwaka tangu lipokelewe, kwa masharti ya zaka yanayojulikana. Kwa hiyo kila mrithi huangalia kilichobaki mkononi mwake pamoja na fedha zake nyingine. Shangazi aliyeko Musoma hawezi kuitoa zaka hiyo ikiwa hajawahi kuambiwa kiasi kilichokusanywa.