Je, Wajua? Yaliyofichika Ndani ya Kigeu

Je, wajua kwamba katika PHP, lugha ya kuundia tovuti aliyoitoa Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1995, kuna vitu vitatu tofauti kabisa ambavyo ukivichapisha kwa amri ya echo huoni chochote? Ni false, null na maandishi matupu. Msaka hitilafu anatazama skrini nyeupe, hajui kigeu chake kimebeba kipi kati ya hivyo. Amri ya var_dump() huvitenganisha papo hapo: bool(false), NULL, string(0) "". Mimi ningeifundisha siku ya kwanza, sambamba na echo yenyewe.

Utamu wake hasa umo katika ile namba ya kwenye mabano. Huhesabu baiti, si herufi. Chukua neno ng'ombe. Likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, var_dump() hujibu string(7). Likinakiliwa kutoka kwenye waraka ambamo programu imeipinda ritifaa hiyo, jibu ni string(9), kwa sababu ritifaa iliyopinda hula baiti tatu katika usimbaji wa UTF-8. Kwa macho ni neno lile lile. Kwa kompyuta ni maneno mawili, na anayemtafuta ng'ombe kwenye tovuti ya mnada ataambiwa hayupo, ilhali tangazo lake limo. Sisi tunaoandika ng'ambo, ng'aa na ving'ora kila siku tuna sababu ya kuitazama namba hiyo kuliko wengi. Hiyo hiyo humfichua Asha aliyeacha nafasi mwishoni mwa jina lake: string(5), wakati herufi ni nne.

Je, wajua kwamba (0.1 + 0.7) * 10 huchapishwa na echo kama 8, lakini ukiigeuza kuwa namba kamili kwa (int) unapata 7? Tangu PHP 7.1, var_dump() huonyesha kilichomo hasa: float(7.999999999999999). Mwenye kuandika programu za fedha asilipuuze hili.

Na JavaScript je? Huko amri ya kuchapisha, console.log(), ikipewa objekti, ukiifungua kwenye kivinjari baadaye unaonyeshwa hali yake ya wakati unapoifungua, si ya wakati amri ilipopita. Ukitaka ile ya zamani, ipitishe kwanza kwenye JSON.stringify() iwe maandishi, ndipo uichapishe.