Mlio wa Kugonga katika Ekseli ya Nyuma: Jinsi ya Kuutafuta na Kuuondoa



Asubuhi ya siku moja ya soko, katika kizuizi chetu kwenye barabara itokayo Masaka kwenda Mutukula, askari wa usalama barabarani aliisimamisha teksi yenye abiria 14. Hakuisimamisha kwa sababu ya mwendo wala idadi ya abiria. Aliisimamisha kwa sababu, dereva alipokanyaga breki, kilisikika kishindo kimoja kizito upande wa nyuma: ko! Dereva akaeleza kwa adabu, "Afande, ni jeki tu, inabingirika chini ya kiti." Jeki ikatolewa, tairi la akiba likakazwa, gari likasogezwa hatua chache na breki ikakanyagwa tena. Ko!

Gari lilipochunguzwa chini, ilionekana kwamba boliti ya katikati ya springi ya kushoto ilikuwa imekatika. Zile boliti zenye umbo la herufi U, ambazo mafundi huziita yuboliti, zilikuwa zimelegea. Ekseli nzima ilikuwa ikisogea mbele na nyuma kila breki ilipokanyagwa. Kilichotusikitisha zaidi ni kwamba wiki mbili kabla ya siku hiyo dereva yule alikuwa amekopa fedha na kubadilisha shokapu zote mbili za nyuma, kwa kuwa aliambiwa kila mlio wa nyuma ni shokapu. Fedha zilikwenda, hatari ikabaki palepale. Abiria walihamishiwa gari jingine, wakafika sokoni wamechelewa, lakini wakiwa wazima.

Tumeona ni vyema kuwaeleza wananchi namna ya kuutafuta mlio wa aina hii, ili gari litengenezwe mahali palipoharibika na si mahali palipokisiwa. Kanuni yenyewe ni moja: mlio una wakati wake, na ukiujua wakati utapajua mahali.

Anza kwa kuondoa vitu vilivyolegea

Kabla ya kumlaumu fundi au gari, ondoa jeki, spana, chupa na mizigo yote. Hakikisha tairi la akiba limefungwa, na bomba la moshi halipigi bodi. Kisha kaza nati za magurudumu, kwa maana nati zilizolegea hutoa mlio wa kugonga, na gurudumu linaweza kuchomoka safarini. Mlio ukiendelea, tafuta uwanja ulio wazi usio na watu, uendeshe polepole, na mwenzako akae kiti cha nyuma akisikiliza. Andikeni mlio unatokea lini.

Mlio wakati wa kuondoka au kubadilisha gia

Ikiwa gari linagonga mara moja unapoachia klachi, unapoingiza gia ya kurudi nyuma, au unapoachia mafuta na kuyakanyaga tena, shuku njia ya nguvu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye magurudumu. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, njia hiyo ni shafti ndefu yenye viungo vya umbo la msalaba, ambavyo mafundi huviita krosi, na mwisho wake ni difu. Injini ikiwa imezimwa, gia ikiwa huru na magurudumu yakiwa yamezuiwa, shika shafti karibu na krosi uizungushe huku na huku kwa mkono. Ukiona msalaba wenyewe unacheza ndani ya vikombe vyake, au vumbi jekundu la kutu likitoka humo, krosi imekwisha. Usiahirishe kazi hiyo. Krosi ya mbele ikikatika gari likiwa katika mwendo, shafti huanguka, na ncha yake ikichoma barabara inaweza kulipindua gari.

Krosi zikiwa nzima, kagua difu. Fungua kwanza kizibo cha kujazia mafuta, ndipo ufungue cha kumwagia. La sivyo utamwaga mafuta kisha ushindwe kuyarudisha. Uji mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi zilizovunjika, na hapo difu haina budi kufunguliwa na fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Mlio wakati wa kupita mashimo na matuta

Mlio unaotokea juu ya mashimo tu, na kunyamaza kwenye lami nzuri, mara nyingi hutoka kwenye shokapu, kwenye raba zake za kufungia, au kwenye bushi za springi. Shokapu iliyovuja huwa imelowa mafuta. Bushi iliyokwisha huonekana raba yake imepasuka au imehama upande mmoja; ukiipembua kwa nondo, chuma hugonga chuma. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Bushi mpya za raba zikishafungwa, ukazaji wa mwisho ufanyike gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa springi ikiwa inaning'inia, raba hujipinda mara gari linaposhushwa, na huchanika mapema.

Mlio wakati wa kukanyaga breki

Huu ndio mlio wa teksi ile, na ndio tunaouogopa kuliko yote. Ukisikika, chunguza yuboliti na boliti ya katikati. Dalili zake zaonekana kwa macho: chuma kinachong'aa mahali sahani inapojisugua, mstari mwekundu wa kutu, au gurudumu moja kukaa mbele kidogo kuliko mwenzake. Chukua futi, pima kutoka kwenye kikalio cha mbele cha springi hadi kwenye ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, ekseli imehama. Gari hilo lisiendelee na safari hata kilomita moja, kwa sababu ekseli inayohama hupinda shafti, huvuta mpira wa breki, na inaweza kuukata.

Katika kutengeneza, gari huinuliwa na kuegemezwa kwenye chesisi, si kwenye ekseli. Springi hubanwa kwa vaisi kabla ya kutoa boliti ya katikati, maana vipande vyake hufyatuka. Boliti mpya iwekwe, na kichwa chake kikae ndani ya tundu la kikalio cha ekseli. Hicho ndicho kinachoizuia ekseli isihame. Yuboliti ziwe mpya, zikazwe kwa zamu na kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi kufikia kipimo cha mtengenezaji wa gari. Baada ya siku chache za kazi zikazwe tena. Fundi anayerudisha yuboliti za zamani zilizovutika anakurudishia ugonjwa uleule.

Mlio unaofuata mzunguko wa gurudumu

Mlio ukienda kasi gari linapokwenda kasi, na kupungua linapopungua, kagua tena nati za magurudumu, kisha beringi ya ekseli na viatu vya breki ndani ya ngoma. Gurudumu likiwa limeinuliwa, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza kwa namna inayoonekana, beringi imechakaa. Mafuta yakionekana kwenye ngoma, breki ya gurudumu hilo haiaminiki.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki

Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa linaua. Egesha mahali tambarare na pagumu. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Ukiyainua, gari halina kinachulishikilia. Kwa hiyo zuia magurudumu ya mbele kwa mbao au mawe makubwa, mbele na nyuma yake, kisha weka stendi imara za chuma. Matofali hupasuka ghafla. Watoto wasikaribie.

Wajibu wetu sote

Tunafahamu kwamba dereva anaposimamishwa kwa ajili ya mlio, wapo wanaodhani askari anatafuta kitu kingine. Tunawaomba madereva wamwombe askari awaonyeshe kasoro yenyewe kwa macho. Askari aliyesikia mlio anao uwezo wa kueleza ameusikia wapi, na penye ubishi, Mkaguzi wa Magari ndiye mwenye ujuzi wa kuamua. Lakini ifahamike pia kwamba kuendesha gari bovu kiasi cha kuhatarisha maisha ni kosa kisheria nchini Uganda, na aendaye Kyaka au Bukoba asitarajie kwamba ubovu husamehewa mara avukapo mpaka.

Kwa wafanyabiashara wanaopakia magunia ya kahawa, mchele na mahindi, tunakumbusha kwamba springi haikatiki boliti bila sababu. Kila gunia la ziada huongeza nguvu inayovuta boliti hizo kwenye kila shimo. Anayemshurutisha dereva aongeze mzigo anashiriki katika kosa hilo, na mara nyingi yeye mwenyewe hukaa juu ya ekseli hiyohiyo.

Nanyi abiria, msinyamaze. Katika teksi ile, mama mmoja mzee alituambia kwamba alikuwa ameusikia mlio tangu Kyotera, akaona haya kumkatiza dereva. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ukiusikia mlio, mwambie dereva kwa heshima, "Mwanangu, nyuma kunagonga, hebu tutazame." Na dereva akubali kusimama. Asipokubali, shukeni mahali salama na mtoe taarifa kwa kituo cha polisi kilicho karibu, mkitaja namba za gari na mahali mliposhukia.