Mlinzi wa Usiku Aliyechora Mashetani

Bwana Mhariri amenitaka nieleze kidogo juu ya kazi ya uchoraji, kwa kuwa katika bweni letu mimi ndiye niombwaye kuchora kila kitu, tangu ramani za jiografia hata vibonzo vya Kijapani ambavyo wenzangu huvipenda mno. Lakini nilipowauliza wenzangu kama wanamjua George Lilanga, hapana hata mmoja aliyenijibu, ijapokuwa wengi wetu hapa Masasi ni Wamakonde kama yeye.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huku kwetu kusini, katika kijiji cha Kikwetu. Alianza kuchonga mihogo, si mpingo. Jambo hilo halikunistaajabisha, maana hata kwetu Newala watoto huchonga mihogo. Muhogo mbichi hukubali kisu cha jikoni, na mtoto akikosea hapati hasara kubwa. Ubaya wake ni kwamba hunywea na kupasuka baada ya siku chache. Mpingo ni mambo mengine. Marehemu babu yangu alikuwa na tezo na patasi zake, naye alizoea kutuambia kwamba mpingo haumtaki mtu mwenye haraka.

Katika miaka ya 1970 Lilanga alikwenda Dar es Salaam. Ndugu yake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, na kwa msaada wake Lilanga alipata kazi pale. Msidhani aliajiriwa kuchora! Aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku. Hata hivyo kazi za mikono yake zilionekana, na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani aliyekuwa kiongozi wa mahali pale, akamtia moyo. Basi mlinzi akaingia miongoni mwa wasanii.

Hapa yanipasa nieleze neno "mashetani", wazazi wasije wakashtuka. Wachongaji wa Kimakonde huliita hivyo umbo la kiumbe wa porini au wa hadithi, mwenye viungo vilivyopotoka. Mtindo huo ulianzishwa na fundi Samaki Likankoa katika miaka ya 1950. Lilanga aliwachukua viumbe hao kutoka katika mti akawatia katika batiki, katika ngozi za mbuzi, na baadaye katika mbao nyembamba kwa rangi kali za mafuta. Masikio makubwa, matumbo mbele, midomo imevutwa, vidole viwili au vitatu tu. Nami naona hapo ndipo ulipo ufundi wake. Gogo la mpingo lina mpaka wake, lakini ubao mpana una nafasi ya kijiji kizima. Kwa hiyo mashetani wake hucheza ngoma, huugua, hugombana na kunywa pombe, wamebanana hata hapana pahali pa kutia kidole. Ukiwatazama sana utamwona jirani yako.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Baadaye kisukari kikamshika, akakatwa miguu. Lakini hakuacha kuchora. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Mwaka 2006 maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika, ambayo kazi zake zilikuwamo, yalifika Tokyo. Wenzangu wa bwenini walicheka nilipowaambia kwamba Wajapani nao wamewatazama mashetani wetu.

Nayaeleza haya kwa sababu ninayo shauri. Baba ni mkulima wa korosho, na mwaka huu ni wa mwisho kwangu. Likizo iliyopita alipoliona daftari langu la picha alisema, "Mwanangu, picha hazilipi ada." Sikumjibu, kwa kuwa ni baba yangu, tena ada ameilipa yeye. Na kwa haki lazima niseme kwamba Lilanga alikuwa na umri wa miaka karibu arobaini alipopata mahali pa kufanyia kazi yake. Huo si mwendo wa kumtuliza mzazi.

Juma lililopita nilimwandikia barua. Nilimweleza habari za yule mlinzi, nami nikatia ndani picha moja: mashetani watatu wakiokota korosho, na mmoja wao amevaa kofia yake. Jibu halijafika.