Juma na Jumanne ndani ya kompyuta za Ifakara

Kwa kompyuta inayotumia FoxPro, lugha ya programu ya kutunza data, Jumanne anaweza kuwa Juma. Iulize kama "JUMANNE" ni sawa na "JUMA", itakujibu .T., yaani kweli. Geuza swali, uanze na "JUMA", nayo itakujibu .F., si kweli. Hiyo si hitilafu, ni uamuzi wa walioiunda: mashine hulinganisha herufi moja moja mpaka neno la kulia liishe, kisha inaridhika, ili anayetafuta jina aandike mwanzo wake tu. Anayetaka usawa kamili huandika kwanza SET EXACT ON. Mstari huo ukisahaulika, orodha ya wanakijiji inaweza kuchanganya watu wawili, na mashine isilalamike hata kidogo. Wengi huona tabia za namna hii kuwa mambo ya kizamani yasiyomhusu mtu wa leo. Mimi naziona kuwa sehemu ya takwimu zenyewe, na asiyezijua hawezi kuzisoma barabara hesabu za watu wa bonde la Kilombero.

Ukoo wa lugha hii ulianzia California, kwa programu ya Wayne Ratliff ambayo kampuni ya Ashton-Tate iliiuza kwa jina la dBASE II tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Fox Software ikatengeneza ndugu yake mwenye kasi zaidi, na mwaka 1992 Microsoft ikainunua kampuni hiyo. Kwenye kituo cha utafiti cha Ifakara, Tanzania, lugha hii ilifika kwa njia ya Ghana. Watafiti wa huko Navrongo na wenzao wa shirika la Population Council walikuwa wameandika mfumo wa kuandikisha kaya, HRS, uliojengwa juu ya FoxPro. Mwishoni mwa 1996 makarani walihesabu watu wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na tangu 1997 wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Hesabu hizo ndizo zilizoupima mradi wa vyandarua wa KINET: mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Tabia inayostahili kutazamwa kwa karibu ni ya kufuta. Katika FoxPro, amri ya DELETE haifuti kitu. Hutia alama ya nyota mwanzoni mwa rekodi, na rekodi hubaki palepale kwenye diski. RECALL huiondoa nyota. PACK ndiyo inayofuta kwelikweli. Sasa fikiria maisha ya bondeni, ambako msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye madungu, vibanda vya shambani mbali na kijiji, zikakaa huko kwa miezi. Mtu mmoja anaweza kuandikwa mara mbili, nyumbani na shambani. Karani anayeitilia nyota rekodi moja, kisha akagundua kuwa walikuwa ndugu wawili wenye majina yanayofanana, ana njia ya kurudi nyuma. Lakini wachambuzi wawili wakiifungua faili hiyohiyo, mmoja akiwa ameandika SET DELETED ON, inayoficha rekodi zenye nyota, na mwingine hakuandika, watatoka na idadi mbili tofauti za watu. Wote wawili watakuwa wameihesabu faili sawasawa.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepita, kwa kuwa Ifakara ilihamia mfumo mpya wa OpenHDS, na makarani wakabeba vishikwambi badala ya madaftari. Kuhama kwenyewe sikupingi. Ila uhamisho hubeba yaliyoandikwa kwenye safu. Kanuni zilizoamua kipi kiandikwe hubaki nyuma, ndani ya programu ya zamani. Safu ambayo jina lake lilikatwa kwenye herufi ya kumi huingia mfumo mpya bila maelezo. Mfano mwingine wa kanuni hizo ni SOUNDEX, kipimo cha majina yanayosikika sawa, kilichotungwa kwa majina ya Kiingereza. Huishika herufi ya kwanza bila kuibadili, kwa hiyo Rashidi na Lashidi kwake hawana uhusiano wowote, ingawa anayeandika kwa kusikia angeweza kuandika lolote kati ya hayo. Kuna pia hoja kwamba lugha hii ilikuwa dhaifu. Ni kweli kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi faharasa ziliharibika. Hata hivyo iliendeshwa na mashine yenye kumbukumbu ndogo sana, na amri zake chache zilijifunzika bila shahada ya kompyuta.

Microsoft ilitangaza mwaka 2007 kwamba toleo la 9 la lugha hii litakuwa la mwisho, na msaada wake ukakoma 2015. Faili za .DBF zenye data bado zinasomeka kwa programu nyingi, na hata ramani za kompyuta za leo huzitumia. Zinazohitaji kulindwa ni zile za .PRG, zenye amri zilizoandikwa, pamoja na maelezo ya waliozitumia kila siku. Ni maandishi matupu, hayachukui nafasi yoyote ya maana, na yanapaswa kuhifadhiwa pamoja na data huku walioyaandika wakiwa bado wanaweza kuulizwa kwa nini SET EXACT iliwashwa hapa na kuzimwa pale.