Plagi za Iridiamu: Je, Zinastahili Bei Yake?

Mwenye gari la petroli anapolipeleka gereji kwa huduma ya kawaida, aghalabu hukutana na swali asilokuwa amejiandaa kulijibu. Fundi anamwambia kwamba plagi zimekwisha, kisha anamtaka achague: za kawaida, au za iridiamu ambazo bei yake huweza kuwa mara tatu, nne au zaidi. Wengi huchagua kwa hofu. Anayeipenda injini yake hununua ghali. Mwenye mfuko mwepesi hununua rahisi na kurudi nyumbani na wasiwasi.

Kwa maoni yetu, plagi za iridiamu zinastahili bei yake iwapo injini iliundwa kuzitumia, iwapo utakaa na gari hilo muda wa kutosha, na iwapo ulichouziwa ni iridiamu kweli. Kinachonunuliwa hapo ni umri mrefu wa plagi. Nguvu zaidi na mafuta kidogo, ambavyo ndivyo hutajwa kwanza dukani, si sababu ya kutosha.

Plagi hurusha cheche katika mwanya ulio kati ya ncha mbili, ili mchanganyiko wa petroli na hewa uwake. Kila cheche hula chembe ndogo ya ncha hizo. Nikeli, iliyo katika plagi za kawaida, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 hivi za Selsiasi. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,446, tena ni ngumu mno. Ndiyo maana ncha ya kati ya plagi ya kawaida huwa nene, takriban milimita 2.5, ilhali ya iridiamu huweza kuwa milimita 0.6 au hata 0.4. Madini haya ni adimu. Hupatikana pamoja na platinamu, na sehemu kubwa hutoka Afrika Kusini. Hivyo ughali wake si hila ya muuzaji, walau si kila mara.

Ncha zinapolika, mwanya hupanuka, na koili hulazimika kutoa umeme wa volti kubwa zaidi ili cheche iruke. Hatimaye injini huanza kumisi, kama wasemavyo mafundi. Petroli isiyoungua huingia katika mfumo wa moshi na kuweza kuyaunguza masega, na koili nazo huharibika. Vifaa hivyo viwili ni ghali kuliko plagi yoyote. Ukibadilisha plagi zilizochakaa utaona gari limechangamka na ulaji wa mafuta umepungua, lakini nafuu hiyo ungeipata hata kwa plagi mpya za kawaida. Kati ya plagi nzima ya nikeli na nzima ya iridiamu, dereva wa kawaida hataona tofauti kubwa.

Sasa hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu; weka za dukani kwako. Tuseme gari lina silinda 4, plagi ya kawaida ni shilingi 8,000, ya iridiamu ni shilingi 35,000, na ufundi ni shilingi 10,000. Seti ya kawaida itagharimu 42,000 na ya iridiamu 150,000. Ikiwa za kawaida zitadumu kilomita 25,000, katika kilomita 100,000 utalipa mara 4, yaani shilingi 168,000. Zikidumu kilomita 40,000, gharama yake kwa mwendo huohuo itashuka hadi 105,000. Tofauti, kama unavyoona, si ya kutisha upande wowote. Lakini anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka atangoja miaka 10 ili kuzitumia kikamilifu plagi za iridiamu. Akiliuza gari mwakani, atakuwa amemnunulia mwingine.

Ufundi ndio hugeuza mizani. Katika injini nyingi za V6 zilizokaa kwa upana wa gari, plagi za nyuma hazifikiwi mpaka sehemu ya njia ya hewa ifunguliwe. Hapo tunashauri iridiamu bila kusita. Kinyume chake, injini inayokula oili huzichafua plagi za kila aina kwa masizi. Kuiwekea za ghali ni kupoteza fedha kabla ubovu wenyewe haujatengenezwa.

Jambo moja huwaponyoka hata wauzaji. Si kila plagi yenye neno iridiamu hudumu kilomita 100,000. Zipo zenye iridiamu kwenye ncha ya kati pekee, huku ncha ya pembeni ikiwa nikeli. Hiyo ya pembeni huisha kama ya plagi za kawaida. Zile za muda mrefu huwa na platinamu au iridiamu upande wa pili pia. Muulize muuzaji, na usome kasha.

Kadhalika, usichague kwa namba peke yake. Namba ya kiwango cha joto hutofautiana kwa mtengenezaji: 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso. Fuata kitabu cha gari au orodha ya mtengenezaji wa plagi.

Plagi bandia zimo sokoni, na zile za iridiamu huvutia waghushi kwa sababu ya bei yake. Ncha yaweza kuwa nyembamba ipasavyo ilhali ni madini hafifu, ikaisha upesi kuliko hata nikeli nene. Tilia shaka maandishi yanayofutika kwa kidole, ncha iliyokaa upande, na mwanya unaotofautiana katika plagi za seti moja. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, na risiti hiyo itaje aina na namba ya plagi, si neno “spea” tu. Nchini Tanzania, malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Wakati wa kufunga, mwambie fundi asiisugue ncha ya iridiamu kwa brashi ya waya wala asiibane kurekebisha mwanya, kwani huvunjika. Mwombe pia akukabidhi plagi za zamani: utajua kama kweli zilikuwa zimekwisha, na kama zilikuwa za aina gani.